Pembea, majumba ya kurukia na watoto wadogo: maswali yenu ya msimu wa sikukuu

Barua za safari hii karibu zote zinahusu jambo moja: wapi mtoto mdogo acheze, na mzazi aangalie nini kabla hajalipa. Tumechagua sita.

Habari zenu. Mwanangu anatimiza miaka minne na tumepanga sherehe ufukweni. Mkodishaji wa jumba la kurukia la hewa anasema atalifunga kwa vigingi vinne na halitakwenda popote. Nimwamini? – Mama wa wawili, Tanga

Kwa vigingi vinne mchangani, mama, usikubali. Kiwango cha Ulaya cha majumba haya, EN 14960, kinataka sehemu za kufungia zisizopungua sita, na jumba kubwa huwa na zaidi. Zunguka jumba mwenyewe uhesabu pete zilizoshonwa pembeni. Kila pete iwe imefungwa; iliyoachwa wazi maana yake kazi haijaisha. Kigingi kiwe cha chuma, urefu sentimita 38 au zaidi, unene milimita 16, kipigwe kichwa kikilalia upande wa nje, na kisichomoze zaidi ya sentimita mbili na nusu juu ya ardhi.

Hayo ni kwa ardhi iliyoshikamana. Mchanga mkavu haushiki kigingi, hata kiwe kirefu namna gani; ukikitikisa kwa mkono utaona kinacheza. Pasipofaa vigingi hutumika uzito, na kiwango kinachotumika ni kilo 163 kwa kila sehemu ya kufungia. Dumu la lita 20 likijaa maji lina kilo 20 na kidogo, kwa hiyo kila pete inahitaji madumu tisa yaliyofungwa pamoja yawe mzigo mmoja. Kwa pete sita ni madumu 54. Pipa la lita 200 lililojaa maji linatosha kwa pete moja, ila kamba ifungwe chini ya pipa, si juu, lisije likaangushwa. Mkodishaji akiona hiyo ni kazi kubwa mno, hamishieni sherehe kwenye uwanja wenye nyasi na udongo mgumu.

Kisha upepo. Majumba haya hayatakiwi kutumika upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa. Kama hakuna kipimo, tazama miti midogo yenye majani: ikianza kuyumba yote, siyo matawi tu, mmeshafika kwenye mpaka. Pwani yetu upepo wa bahari huongezeka mchana, na miezi ya kusi ndiyo mikali zaidi, basi sherehe ya watoto ianze asubuhi. Msisubiri dalili kutoka kwenye jumba lenyewe. Desemba 2021 huko Devonport, Tasmania, kisulisuli kiliinua jumba la kurukia kwenye sherehe ya shule ya msingi na watoto sita wakafa. Kisulisuli hakikupi muda wa kuwatoa watoto ndani.

Ndani ya jumba, tatizo la kila siku ni kuchanganya umri. Mtoto wa miaka kumi akitua karibu na wa miaka mitatu, yule mdogo hurushwa juu na hana namna ya kuchagua atakavyoanguka. Pangeni zamu: wadogo dakika kumi, wakubwa dakika kumi. Viatu, miwani, hereni na pini za mtandio vibaki nje. Mtu mzima mmoja akae mlangoni muda wote, na asiwe yule anayekata keki. Umeme au jenereta ikizimika, wito ni mmoja: wote watoke kupitia mlangoni, wadogo kwanza, na hakuna kurudia kiatu.

Asalaam aleikum. Tunaishi Dubai. Kijana wangu ana sentimita 117 na kibao cha urefu kwenye chombo cha michezo kinasema 120. Shangazi yake anashauri tumvalishe viatu vya soli nene. Sentimita tatu kweli zina kitu? – Baba wa watatu

Waaleikum salaam. Zina kitu, na viatu haviongezi kile kinachopimwa. Urefu unatumika kwa sababu ni rahisi kuupima mlangoni, lakini waliobuni chombo wanauliza mambo mengine: je, goti la mtoto linakunjika ukingoni mwa kiti na nyayo zikafika sakafuni akajikita? Je, chuma cha kuzuia kinakaa mapajani, au kinamkaa tumboni? Kichwa kinafika kwenye egemeo, au shingo inabaki bila kitu nyuma yake? Soli nene haibadilishi hata moja kati ya hayo. Kibao pia kinakadiria umri wa kutii: mtoto anayeweza kuambiwa “shika hapa, usisimame” akashika mpaka mwisho.

Mzazi akipanda naye, kuna jambo linalopita bila kuonekana. Kwenye viti vya watu wawili vyenye chuma kimoja, chuma hushuka mpaka kiguse paja nene zaidi, yaani lako. Paja la mtoto linabaki na nafasi ya kupitisha ngumi mbili, na hapo hajazuiwa na chochote. Tafuteni chombo ambacho kila kiti kina chuma au mkanda wake. Kwenye vile vinavyozunguka kwa kasi, mtoto akae upande wa ndani, karibu na mhimili, na mkubwa upande wa nje, kwa sababu mzunguko humsukuma kila mtu nje, na mtoto akiwa huko nje wewe utamlalia.

Mkanda nao uutazame kwa macho na uuguse. Septemba 2021, kwenye bustani moja ya michezo huko Glenwood Springs, Colorado, mtoto wa miaka sita alianguka kutoka chombo kinachoshuka wima na akafa. Uchunguzi wa jimbo ulionyesha kwamba alikuwa amekalia mikanda yake, ambayo ilikuwa bado imefungwa tangu abiria aliyetangulia. Mashine ilitoa tahadhari kwamba mikanda haijafunguliwa na kufungwa upya. Waendeshaji hawakuelewa maana yake, wakaiondoa tahadhari wakaendelea. Kwa hiyo mtoto kabla ya kukaa, nyanyua mkanda uwe wazi mikononi mwako. Akae, umpitishie juu ya nyonga, ubofye, kisha uvute kwa nguvu. Vidole viwili vilivyolala ndivyo vipite chini yake, visizidi hapo. Chuma nacho kivute juu mara mbili. Kikipanda hata kidogo, mwite mwendeshaji, na asipokirekebisha mshuke.

Hamjambo wanangu. Mimi ni bibi wa wajukuu watano hapa Unguja. Kila Idi watoto wanataka pembea za uwanjani. Mtu asiye fundi atajuaje kama pembea ni nzima? – Bibi wa Ng'ambo

Shikamoo bibi. Hatujambo, na swali lako ndilo lililotukalisha zaidi, kwa sababu pembea za sikukuu hufungwa kwa siku moja au mbili, zinafanya kazi mpaka usiku, kisha zinafunguliwa na kuhamishwa. Kila kufunga na kufungua ni nafasi ya pini kusahauliwa.

Usilipe ulipofika tu. Simama utazame mzunguko mzima, watu wakipanda mpaka wakishuka. Mwendeshaji anapita kila kiti akigusa mkanda au mnyororo kwa mkono, au anapiga kelele tu “shikeni vizuri”? Wakati pembea inakwenda, yuko kwenye swichi yake au ameshika simu? Mwendeshaji anayeondoka kwenye swichi watu wakiwa juu, pembea yake ni ya kuachwa hata kama ni mpya.

Halafu tazama chini. Miguu ya pembea ikae juu ya mbao pana zilizolala sawa, siyo juu ya mawe au tofali lililopasuka. Mvua ya usiku hulainisha udongo upande mmoja, na pembea iliyokuwa wima jana leo imeinama. Linganisha nguzo yake na ukuta wa nyumba iliyo nyuma: ikiwa haziendi sambamba, utaona kwa macho bila kipimo.

Sasa njoo kwenye kiti. Kila kiti huning'inia kwa boliti au pini nene, na ncha ya pini huzuiwa na kipini chembamba cha chuma kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Ukiona mahali pake pamewekwa msumari uliokunjwa, waya wa kufungia uzio au kamba ya nailoni, umepata jibu lako. Mnyororo utazame pale pete zinaposuguana: pete iliyolika ikawa nyembamba kuliko wenzake ndiyo itakayokatika.

Kutu inataka maneno ya ziada, maana hewa ya chumvi huweza kula chuma kwa ndani huku nje kikionekana kizima. Julai 2017 pembea kubwa iliyokuwa na umri wa miaka 18 ilikatika kwenye maonyesho ya jimbo la Ohio, Marekani, na kijana mmoja akafa. Ilikuwa imekaguliwa na kuruhusiwa. Mtengenezaji wake alieleza baadaye kwamba kutu ilikuwa imekula ndani ya boriti iliyobeba viti, mahali ambapo jicho halifiki. Kwa hiyo rangi mpya haitoshi kukutuliza, bibi. Tafuta maji ya rangi ya udongo yanayochuruzika kutoka kwenye maungio, rangi iliyovimba kama lengelenge, na mstari mwembamba wa kutu pembeni mwa mahali palipochomelewa, ambao mara nyingi ni ufa. Bomba lililopigwa kiraka cha bati ni la kukimbiwa.

Usiku kuna umeme. Taa za rangi hupelekewa umeme kwa nyaya zinazolala chini, zikiwa na maungio ya utepe. Nyaya zikipita kwenye dimbwi au kwenye nyasi zilizolowa, watoto wasiguse chuma cha pembea wala uzio wake.

Na mavazi ya sikukuu. Mtandio, ushungi mrefu, mkanda wa gauni na ncha ya kanga hufuata mhimili unaozunguka na kujiviringisha shingoni kwa sekunde moja. Hatari hii ni kubwa zaidi kwenye vigari vidogo vya mbio, ambavyo mhimili wa nyuma uko wazi karibu na mgongo wa dereva. Ushungi uingizwe ndani ya nguo au uvaliwe wa kubana, na nywele ndefu zifungwe juu.

Wale wadogo wasiopanda washike mkono wa mtu. Wengine huumia wakiwa chini, wanapokimbilia pembea inayorudi. Pembea isiyo na uzio haifai kwa familia yenye mtoto wa miaka miwili.

Binti yangu wa mwaka mmoja na nusu anaogopa mtelezo. Nikimpakata tukateleza pamoja, si ndiyo salama zaidi? – Mama, Mombasa

Hapana, mama, na wazazi wengi hushangaa kusikia. Mtoto akiteleza peke yake, soli ya raba ikigusa ukingo, anasimama. Akiwa mapajani mwako, mguu wake hunasa lakini uzito wako unaendelea kushuka, na mfupa wa muundi hujipinda mpaka uvunjike. Ni jeraha ambalo madaktari wa watoto wanalijua sana.

Chagua mtelezo mfupi, mvue viatu, simama pembeni umshike kiunoni anaposhuka. Kama lazima umpakate, miguu yake ikae katikati ya miguu yako, mbali na kingo. Mtelezo wa chuma uliopigwa na jua uguse kwanza kwa mgongo wa mkono wako.

Akishuka akalia na akakataa kukanyaga, hata bila uvimbe, chukulia kuwa mguu umevunjika. Usimpeleke kukandwa. Uufunge mguu na kipande cha boksi gumu kutoka juu ya goti mpaka unyayo, bila kubana, umpeleke hospitali yenye eksirei.

Tunakwenda kwenye bustani ya maji hapa Dar na mtoto wa miaka mitatu. Maboya ya mikononi yanatosha? – Baba, Tabata

Hayatoshi kabisa. Huchomoka, hupoteza hewa, na mtoto huamini anajua kuogelea. Mvalishe jaketi la kuokolea la uzito wake, ufunge vifungo vyote, kisha umnyanyue kwa mabega ya jaketi. Likipanda mpaka kidevuni au masikioni, ni kubwa. Hata akiwa nalo, uwe umbali wa kunyoosha mkono, kwa kuwa mtoto anayezama hapigi kelele. Nguo ya kuogelea iwe ya machungwa au ya waridi kali. Bluu na nyeupe hupotea majini. Gauni pana likilowa humvuta chini, kwa hiyo avae ya kubana. Asikae juu ya tundu la kunyonyea maji, na mkiona kifuniko chake kimevunjika au hakipo, tokeni kwenye bwawa hilo mkamwambie mwokoaji.

Mtoto akianza kulia na kutaka kushuka chombo kikiwa kinakwenda, nifanyeje? – Baba, Morogoro

Mkandamize nyuma kwa mkono mmoja kifuani, akae. Mkono wa pili uinue juu na upaze sauti: “Simamisha!” Ni vizuri kumuuliza mwendeshaji kabla ya kupanda ishara gani anaifuata. Usimfungue mkanda ili kumpakata, maana anayesimama ndiye anayerushwa. Kama uko nje, usiruke uzio kumfuata. Nenda kwa mwendeshaji, yeye ndiye mwenye kitufe chekundu. Kikisimama, subirini kitulie kabisa na mwendeshaji afungue mwenyewe, hata kama mtoto analia.