Haidroliki ikifa, helikopta ndogo haianguki

Hapana mkuu, unasema helikopta yenye mfumo mmoja tu wa haidroliki (mafuta yenye presha yanayomsaidia rubani kusukuma fimbo za kuongozea) itaanguka mfumo huo ukifeli; si kwamba chombo kinadondoka. Mimi ni fundi wa ndege, niko Kigoma. Helikopta ya Robinson R22 haina haidroliki kabisa na inaruka. R44 na Bell 206 zina mfumo mmoja. Ukifa, fimbo zinakuwa nzito, ila rubani anazimudu.

AS350 B2, nayo ya mfumo mmoja, ndiyo yenye mtihani. Pampu inaendeshwa na mkanda, na ukikatika, akyumuleta (vitunza presha) zinabakiza presha ya muda mfupi tu. Hapo rubani anapunguza mwendo hadi noti (maili za baharini kwa saa) 40 mpaka 60, anakata haidroliki kwa swichi, halafu anatafuta sehemu ndefu tambarare atue kwa kuteleza, siyo kuning'inia hewani. Kwenye lami ya uwanja wetu hapa, sawa. Kwenye miteremko ya milima ya Mahale utatelezea wapi?

Kwa kazi za huko, mimi nachagua mifumo miwili kama ya helikopta ya EC130, japo inaongeza uzito na kazi ya gereji. Helikopta kubwa ni habari nyingine: bila haidroliki mkono wa mtu hauziwezi, kwa hiyo miwili ni lazima.