Kopo la vidonge vya macho: nimnunulie baba?

Swali: Daktari, habari. Baba ana miaka 71. Majuzi alipimwa macho hapa Nairobi akaambiwa kitovu cha retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kimeanza kuchakaa kwa sababu ya uzee. Duka la dawa mtaani wananipigia debe kopo la vidonge, eti "utafiti wa AREDS umethibitisha". Baba alivuta sigara miaka mingi kabla ya kuacha. Nimnunulie? Na mimi wa miaka 43 nimeze nijikinge?
Msomaji, Umoja

Jibu: Kabla hujatoa pesa, rudini kwa aliyempima mzee mkamwulize: druseni zake zina ukubwa gani? Hivyo ni vijidoa vya manjano vinavyojikusanya chini ya retina. Moja ikifika maikroni 125, karibu upana wa mshipa mkubwa wa damu pale unapotoka kwenye neva ya jicho, mgonjwa yuko hatua ya kati. AREDS, utafiti wa Marekani uliotoa matokeo yake 2001, uliwafaa watu wa hatua hiyo na wale ambao jicho moja lilikwisha kuharibika. Waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani, ili kulinganisha, takriban 28 kwa kila 100 walifika hatua mbaya ndani ya miaka 5. Waliomeza vitamini C na E, beta-karotini, zinki na shaba walikuwa 20. Si haba, ila uoni uliopotea haurudishwi na kidonge.

Wenye druseni ndogondogo tu, ni asilimia 1.3 waliofika huko, kwa hiyo hapakuwa na cha kuokoa. Wewe ambaye hata hujapimwa, pesa hiyo nunua sukuma wiki.

Sasa geuza kopo usome nyuma. Ukiona beta-karotini, lirudishe. Katika AREDS2, utafiti uliofuata ule wa kwanza na kutoa matokeo 2013, saratani ya mapafu iliwapata asilimia 2 ya waliopewa beta-karotini na asilimia 0.9 ya wasiopewa, na wengi wa waliougua walikuwa wameshaacha sigara, kama mzee wako. Badala yake tafuta kopo lenye lutini miligramu 10 na zeaksanthini miligramu 2, rangi za asili zinazopatikana kwenye mboga za majani. Mafuta ya samaki hayakuongeza kitu, muuzaji aseme atakalo.

Zinki ni miligramu 80, nyingi kweli, kwa hiyo daktari wake ajue dawa nyingine anazomeza.

Nyumbani, mpe daftari la hesabu lenye mirabaraba, afunike jicho moja moja. Siku mistari ikipinda, mlete kliniki wiki hiyohiyo. Huenda mishipa inavuja, na hapo inahitajika sindano.