Faini za gari la kukodi Dubai: zimalize kabla hujarudisha ufunguo

Ukikodi gari Dubai, usitegemee askari akusimamishe pembeni akiwa na kitabu cha faini. Kamera inapiga picha, faini inaingia kwenye namba ya gari, na kwa kuwa gari si lako, meseji inakwenda kwa kampuni. Wewe unakuja kujua siku dhamana (pesa uliyoiweka kwa kampuni) inaporudi imekatwa, nawe umeshafika Dar au Mombasa. Ugomvi mwingi kati ya wageni na kampuni za kukodisha magari unaanzia hapo: mwenye gari anaona kila kitu, anayeliendesha haoni chochote.

Lakini taarifa hizo haziko kwa kampuni peke yake. Tovuti na programu ya Polisi wa Dubai zinakuruhusu kutafuta faini kwa namba ya gari bila kuwa mmiliki, kama vile Tanzania watu wanavyoangalia deni la gari kwenye mfumo wa trafiki. Unachagua emireti (jimbo la nchi hiyo, kama Dubai yenyewe) iliyotoa namba, unaweka herufi au msimbo ulioko kwenye kibao cha namba ya gari, kisha tarakimu. Wengi hukosea kwenye emireti. Gari ulilochukua Dubai linaweza kuwa na namba za Sharjah au Abu Dhabi. Ukichagua Dubai kwa mazoea utaambiwa hakuna deni, ukalala usingizi mzuri usio na sababu. Herufi nayo usiiruke: K 12345 na L 12345 ni magari mawili tofauti.

Angalia mara ya kwanza pale pale unapokabidhiwa gari, kabla hujawasha injini. Faini utakazozikuta ni za waliokutangulia. Piga picha ya skrini, na saa ionekane. Halafu hakikisha mkataba unaonyesha saa na dakika ya kukabidhiwa, si tarehe tupu. Faini ya kamera huandikwa na saa yake. Aliyerudisha gari saa 3 asubuhi na wewe uliyelichukua saa 8 mchana mna tarehe moja, na mkataba usiotaja saa unaweza kukubebesha mzigo wake. Siku ya kurudisha fanya vivyo hivyo: saa iandikwe, mfanyakazi atie saini, nakala ubaki nayo.

Baada ya hapo angalia kila jioni. Faini nyingi huonekana haraka, nyingine huchelewa siku kadhaa, na ndiyo sababu kampuni nyingi hushikilia dhamana wiki mbili hadi mwezi mzima. Hilo peke yake si wizi. Wizi ni kukatwa pesa bila kuonyeshwa faini yenyewe.

Tuje kwenye mwendo, maana faini nyingi zinatoka huko. Ndani ya Dubai kamera zinaacha nafasi ya kilomita 20 juu ya kibao cha mwendo cha barabarani: kibao kikisema 100, kamera inapiga kuanzia 121. Wenyeji wanalijua hilo na wanaliendeshea. Tatizo ni barabara ya kwenda Abu Dhabi. Emireti hiyo ilifuta nafasi hiyo Agosti 2018. Huko kibao ni kibao, kilomita moja juu ni faini. Hakuna kizuizi mpakani wala mtu wa kukuambia umevuka, kwa hiyo anayetoka Dubai na mazoea yake hukusanya faini mbili tatu kabla hajafika mjini. Weka kidhibiti mwendo cha gari sawasawa na kibao, mambo yaishe.

Viwango vyenyewe: kuzidisha hadi kilomita 20 ni dirhamu 300, hadi 30 ni 600, hadi 40 ni 700, hadi 50 ni 1,000. Ukizidisha zaidi ya 50 hadi 60, ni 1,500, alama nyeusi 6 (alama za makosa kwenye leseni) na gari kuzuiliwa siku 15. Hilo la kuzuiliwa ndilo linaloumiza aliyekodi. Mikataba mingi inasema gari likiwa yadi ya polisi, siku zake unalipa kodi kama kawaida, pamoja na gharama za kulitoa. Siku 15 kwa dirhamu 120 ni 1,800, juu ya faini yenyewe. Tafuta kipengele hicho kabla ya kutia saini.

Wanaotoka Kenya na Tanzania wana mtego wao. Dubai wanaendesha upande wa kulia, kwa hiyo njia ya kushoto kabisa ndiyo ya wenye kasi. Aliyezoea kukaa kushoto akienda taratibu anajikuta anawaziba watu, na kukataa kumpisha anayekuja nyuma kwa kasi ni dirhamu 400. Ukiwashiwa taa kwa nyuma, usikasirike, sogea kulia. Kumganda wa mbele nako ni 400 na alama 4, na kamera za Dubai sasa zinakamata hilo pia. Simu mkononi ni 800 na alama 4. Mkanda unawahusu wote ndani ya gari, hata shangazi aliyekaa nyuma na mifuko ya soko la Deira. Asipofunga, ni 400 na alama 4, na anayeandikiwa ni dereva.

Salik si faini, ila huchanganywa nazo kwenye hesabu ya mwisho. Ni tozo ya barabara: unapita chini ya geti, kamera inasoma, akaunti ya kampuni inakatwa. Tangu mwisho wa Januari 2025 bei ni dirhamu 6 kuanzia saa 12 hadi saa 4 asubuhi na saa 10 jioni hadi saa 2 usiku, dirhamu 4 saa nyingine, na bure kuanzia saa 7 usiku hadi saa 12 asubuhi. Jumapili za kawaida ni 4 hata saa za msongamano. Kutoka Deira kwenda Marina kwa daraja la Garhoud na Sheikh Zayed Road unapita tozo tatu: Garhoud, Safa na Barsha. Safa kuna mageti mawili, lakini ukiyapita yote ndani ya saa moja kwa upande ule ule unahesabiwa mara moja. Kwenda na kurudi saa za msongamano ni dirhamu 36, na kampuni nyingi huongeza kidogo kwa kila geti. Anayetaka kuvuka hori (mkono wa bahari unaoingia mjini) bila kulipa apite daraja la Infinity pale Shindagha. Kwa hiyo andika mageti yako kila siku, hata kwenye noti za simu. Usipoandika, huna cha kulinganisha na orodha yao.

Maegesho ya Dubai hulipwa kwa programu, mashine au meseji kwenda 7275, ukitaja namba ya gari, namba ya eneo iliyoko kwenye kibao, na saa unazotaka. Ukikosea tarakimu moja umemlipia mtu mwingine, na faini ya 150 inabaki kwako. Isome meseji ya uthibitisho kabla hujaondoka kwenye gari.

Ukiona faini ni yako, waandikie kampuni siku hiyo hiyo na uulize mambo mawili: nilipe mwenyewe au mtalipa nyinyi, na ada yenu ya kushughulikia ni kiasi gani kwa kila faini. Wengine wanakuruhusu ulipe moja kwa moja kwa kadi na uwatumie risiti, na ada haipo. Usilipe kabla hawajajibu, maana mkilipa wote wawili kurudishiwa ni safari ndefu. Kwa faini za Abu Dhabi, ukilipa ndani ya siku 60 kuna punguzo la asilimia 35. Kampuni ikilipa kwa bei ya punguzo na kukukata bei kamili, idai tofauti hiyo.

Jambo jingine ni nani yuko nyuma ya usukani. Mgeni anaendesha kwa leseni ya kwao pamoja na leseni ya kimataifa. Ndugu yako mwenye makazi Dubai hawezi kutumia hiyo; anahitaji leseni ya huko, na jina lake liwe kwenye mkataba. Asipoandikwa, faini inakuwa jambo dogo: ajali ikitokea, bima inaweza kukataa kulipa.

Na kama dhamana imekatwa kwa sababu usiyoielewa, omba kwa barua pepe namba ya faini, tarehe, saa na mahali kwa kila kiasi. Linganisha na saa za mkataba na picha zako za skrini. Wakishindwa kutoa namba, peleka nyaraka hizo benki kwako na ufungue pingamizi la muamala wa kadi mapema, kwa sababu benki zina muda maalumu wa kupokea malalamiko hayo. Aliyelipa dhamana kwa pesa taslimu hana mlango huo.