Marki 3 ya Reuss ya 1909: uzito peke yake hautoshi

Swali: Nimenunua sarafu ya fedha ya marki 3 ya Reuss, ya mwaka 1909, yenye sura ya Heinrich XXIV. Mizani inasoma gramu 16.6. Je, hiyo inatosha kujua kuwa ni halisi? Na ule weusi niung'arishe?

Jibu: Haitoshi, ndugu msomaji, na weusi uache ulivyo.

Baada ya Ujerumani kuungana mwaka 1871, kila dola iliyomo ilibaki na upande mmoja wa sarafu zake za fedha za marki 2 na kuendelea, kwa sura ya mtawala au nembo. Upande wa tai ni wa wote. Reuss Ukoo Mkubwa, dola ndogo yenye makao Greiz, ilipigiwa Berlin marki 3 hizi 10,000 tu. Ndiyo maana herufi A, alama ya kiwanda cha Berlin, iko chini ya sura. Mwaka huohuo Berlin ilipiga marki 3 za Prussia kwa mamilioni, kwa kipimo kilekile: gramu 16.667, upana milimita 33, fedha 900 kwa 1,000. Mtu akichonga Prussia ya bei rahisi na kuibandika uso wa Reuss, mizani haitamkamata.

Anza na maji. Weka kikombe cha maji juu ya mizani inayosoma gramu 0.01, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba izame bila kugusa chini. Isome karibu 1.62. Ikisoma 1.9, hiyo si fedha. Angalia viputo vya hewa, maana huongeza namba. Tone la sabuni ya vyombo huviondoa.

Kisha ukingo, na hapa usiwe na haraka. Kwa lenzi ya mara 10, zungusha sarafu polepole usome GOTT MIT UNS. Herufi zimezama na kingo zake ni kali. Zikiwa butu, zenye vijishimo, au kuna mstari wa mshono, imemiminwa kwenye kalibu. Sarafu ya kubandika huficha kiungo chake ndani ya mdomo, pale uwanja, yaani sehemu bapa ya uso, unapokutana na ukingo. Iweke juu ya ncha ya kidole na uigonge kwa penseli. Nzima hulia kwa muda, iliyobandikwa hukata sauti.

Ziko pia bandia zilizopigwa kwa fedha halali, na hizo hupita majaribio yote hayo. Linganisha nywele na umbo la kila herufi na picha kubwa ya sarafu iliyokwisha kuthibitishwa, ambayo ni namba 119 katika Jaeger, katalogi ya sarafu za Kijerumani.

Ama ule weusi, usiung'arishe: dawa ya meno na magadi huacha mikwaruzo inayoonekana taa ikimulika kwa mshazari, na haifutiki. Mafuta yatoe kwa asetoni safi, bila kusugua. Usiihifadhi kwenye plastiki laini ya PVC, itaota utando wa kijani unaonata.