Mkono kufa ganzi usiku: hebu angalia kidole cha mwisho

Dada angu uliyeuliza habari ya mkono wa kulia kufa ganzi usiku tangu uanze kukanda unga wa maandazi kila alfajiri, na jirani kakutisha kuwa ni stroki, pole sana. Mi fundi cherehani hapa Tanga, Ngamiani barabara ya 12, hii kitu imenitesa karibu miaka miwili.

Usiku ukishtuka angalia kidole cha mwisho, nacho kina ganzi? Mimi ilikuwa dole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, cha mwisho kizima kabisa. Hiyo ndo alama kubwa, maana hivyo vidole vinapata hisia kwa mshipa mmoja wa fahamu unaopita kwenye kinjia chembamba hapo kifundoni, umebanana na kano 9 za kukunjia vidole, sasa humo ndani kukivimba kidogo tu mshipa unabanwa. Cha mwisho kina mshipa wake, haupiti humo. Na usiku tunalala tumekunja mkono ndo maana unaamka unaukung'uta. Madaktari wanaita kapo tano, kwa Kiingereza carpal tunnel, yani hicho kinjia cha kifundoni.

Mi nilipoteza muda sana. Duka la dawa wakanipa diklofenaki, nikachuliwa na mafuta ya moto, zahanati moja wakasema baridi yabisi, mwaka ukaisha. Nilipofika kwa daktari wa mifupa akaniambia nikunje vifundo migongo ya mikono igusane, nikae hivo dakika moja, haikufika ganzi ikaja. Wa kushoto ulipona kwa kuvaa sapoti yenye bati ndani kila usiku wiki 6, inanyoosha kifundo basi. Wa kulia ulishachelewa, ile nyama ya chini ya dole gumba ilishabonyea, sindano ya kushonea inanidondoka siioni imeenda wapi. Nikachomwa sindano ya steroidi hapo kifundoni, nafuu miezi michache ikarudi, mwisho nikapasuliwa, wanakata ile kano pana inayofunika kinjia. Ganzi ilikwisha ila nguvu ya dole gumba haijarudi yote mpaka leo, na hicho ndo kinaniuma, kwaiyo nakuomba linganisha nyama za viganja vyako viwili leo leo.

Pima na sukari, na tezi ya shingo, na kama una ujauzito sema maana vyote vinaleta hii hali, ya ujauzito mara nyingi huisha ukishajifungua. Kama ni maumivu upande wa dole gumba unapobeba mtoto, hiyo ni kano nyingine kabisa.

Stroki inakuja ghafla, mdomo unakwenda upande, maneno hayatoki, mkono unalegea wote, hapo unakimbilia hospitali saa ileile. Ila ya kuamka usiku ukakung'uta ikaisha siyo hiyo.

Kiangalie hicho kidole afu urudi hapa utuambie.