Kabla Hujawapeleka Watoto Mikokoni

Wewe uliyepangiwa shule ya pwani na kuambiwa ufundishe mazingira, shughulikia maji kabla ya kitabu. Mwaka wangu wa kwanza huku pwani ya kusini ya Kenya nilipanga ziara ya mikokoni kwa kufuata ratiba ya vipindi: Alhamisi, saa nne. Tulipofika, maji yamejaa, mizizi niliyotaka kuwaonyesha haionekani. "Mbona hamkuniambia?" nikauliza. Msichana mmoja akanijibu kwa adabu zote: "Mwalimu, hukutuuliza."

Nusu ya darasa lile walikuwa watoto wa wavuvi, hesabu ya mwezi wanayo kichwani. Siku hizi wao ndio wanaochagua siku. Huchagua bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maana hapo maji hupwa kabisa mwendo wa saa nne asubuhi. Lakini bamvua hurudi kwa nguvu, kwa hiyo saa tano na nusu muwe mmeshatoka topeni. Viatu viwe vya kufunga. Malapa hunaswa na tope, na chaza walioshika kwenye mizizi hukata kama wembe.

Maneno "mfumo wa ikolojia" na "bioanuwai" yaache hadi mwisho. Mimi huanza na ulimi. Chuma jani la mchu, mmoja wa miti ya mikokoni, walilambe: lina chumvi, kwa sababu mchu huitoa chumvi kupitia majani. Kisha jani la mkoko wenyewe: halina, kwa kuwa mkoko huizuia nyingi huko chini kwenye mizizi. Miti miwili, tope moja, na kila mmoja una ujanja wake. (Waonye tu wasilambe mti ambao hujawaonyesha.) Baada ya hapo watatafuta tofauti nyingine bila kuambiwa: mkoko umesimama juu ya mizizi kama miguu, mchu umechomoza yake kama penseli. Kuna na miti mingine: mlilana uko mbele, upande wa bahari, unapigwa na mawimbi, mkandaa uko nyuma. Mchu utawachanganya, maana huonekana mbele na tena nyuma kabisa. Waache wabishane.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote halihitaji fedha. Fungeni uzi kwenye majani ya mkoko yaliyoanguka, yale ya manjano, myaweke karibu na mashimo ya kaa, kisha mrudi nyuma na mnyamaze. Kunyamaza ndio mtihani! Baadaye fuateni nyuzi. Baadhi ya majani yatakuwa yamevutwa shimoni. Ukiwakuta tondo, wale konokono wa topeni, wamelikusanyikia jani wanalila, simama hapo hapo. Ukiuliza sasa jani likianguka linakwenda wapi, watakufikisha wenyewe kwa kaa, kwa samaki, hadi kwenye chungu cha nyumbani. Hapo ndipo neno la kitabuni linapopata pa kukaa.

Sasa kosa langu kubwa. Nilipokuwa bado mgeni nilisimama mbele ya darasa nikasema wakataji wa mikoko ni maadui wa bahari. Nilikuwa na bango hata. Kijana mmoja aliyekuwa hodari wa kujibu akanyamaza wiki nzima. Baba yake alikuwa akiuza boriti za mikoko, na kwa leseni. Mzee yule alikuja shuleni, hakufoka, akaniuliza tu: "Mwalimu, nyumba unayolala imeezekwa kwa nini?" Imeezekwa kwa boriti.

Nilimwomba radhi, na safari iliyofuata nikamwomba atuongoze. Alifundisha vizuri kuliko mimi: mti upi hauguswi, upi umekomaa, kwa nini usifyeke pahala pamoja. Kwa hiyo usimfanye mtoto achague kati yako na baba yake, maana atamchagua baba, na atafanya sawa. Waambie pia ya jirani zetu wa Gazi. Tangu 2013, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanatunza hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa pale, yaani hulipwa ili mikoko iendelee kuihifadhi, na fedha zimeingia kwenye maji na shule. Mtoto anauelewa mfereji wa maji upesi kuliko hewa ya ukaa.

Ukiwa karibu na mji wa zamani, wape watoto futi ya kupimia. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni vyembamba, kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti. Boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini kwenda Arabuni, hadi Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Hesabu na historia kwa kipindi kimoja, na mwalimu wa hesabu atakushukuru.

Kuhusu kupanda miti, tahadhari. Kila mgeni anataka picha ya watoto wakichomeka zile mbegu ndefu za mkoko kwenye tope tupu. Tulifanya hivyo, tukapigwa picha, tukapewa soda. Miezi mitatu baadaye niliwarudisha wahesabu: haikubaki hata moja, mawimbi yalizichukua zote. Rudi uhesabu, hata kama aibu ni yako. Mwaka uliofuata walikataa kupanda pale. Walinipeleka nyuma, karibu na nchi kavu, miche ya mchu ilikojiotea yenyewe ikiwa imetafunwa vichwa, wakaniambia: "Hapa hapataki kupandwa, mwalimu. Mbuzi ndio wa kufungwa."