Mitego iliyoteguliwa imeongezeka: ujangili umepanda au doria zimeongezeka?

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati ya mazingira katika kijiji kimoja cha Pangani, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Nikisikia mitego ya waya iliyoteguliwa ni mingi kuliko robo mwaka iliyopita, nifurahi kwamba askari wanachapa kazi, au nisikitike kwamba ujangili umepanda? Na hesabu ya viota vya kasa nayo niisomeje?

JIBU: Ndugu mjumbe, idadi ya mitego peke yake haikwambii hili wala lile. Kabla ya kufurahi au kusikitika, uliza askari walitembea kilomita ngapi.

Tufanye hesabu ya mfano, tarakimu ni zangu. Robo ya kwanza doria zilitembea kilomita 200 zikategua mitego 40. Robo ya pili zikatembea kilomita 500 zikategua 60. Ukitazama mitego tu, imeongezeka kwa nusu. Gawa kwa mwendo uone: mwanzo walikuta mitego 20 kwa kila kilomita 100, sasa wanakuta 12. Hifadhi nyingi siku hizi hutumia programu ya SMART, ambayo huhifadhi njia ya doria kutoka kwenye GPS pamoja na kila kilichoonwa njiani, kwa hiyo kilomita hizo hupatikana bila taabu.

Hata hivyo hiyo 12 usiimeze nzima. Askari hodari haendi ovyo, huenda anakojua kuna mitego, na akidokezwa na mwanakijiji hufika moja kwa moja mahali penyewe. Doria ya namna hiyo huokoa wanyama, nami naiunga mkono kwa moyo wote, lakini ukiichanganya na doria ya kawaida hesabu inavurugika. Zitenganishwe: doria za taarifa zihesabiwe peke yake, na doria za kupima, zenye njia zilizopangwa kabla na zinazorudiwa, peke yake.

Kisha angalia ardhi. Saadani ilipotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 ilikusanya pori la akiba la zamani, msitu wa Zaraninge na iliyokuwa ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja. Kwenye msitu mnene unaweza kupita hatua tatu kutoka kwenye kitanzi usikione. Kwenye mbuga ya nyasi fupi unakiona kwa mbali. Wastani mmoja wa hifadhi nzima huficha mambo, kwa hiyo omba kila eneo lisomwe peke yake.

Lipo jambo dogo ambalo ningependa kila fomu ya doria iwe na nafasi yake: mtego ni mpya au wa zamani? Mtego mpya waya wake bado unang'aa na fundo halijakaa kwenye gome. Wa zamani una kutu, nyasi zimeota katikati ya kitanzi, na pengine mti umeanza kuumeza waya. Huo wa zamani lazima uondolewe, maana bado unaua, lakini ni habari ya mwaka jana. Ukiuhesabu pamoja na mipya, unawabebesha watu wa leo kosa la jana.

Na msilinganishe robo na robo. Robo ya Aprili hadi Juni huangukia masika: udongo mweusi unashika magari, nyasi zinapanda hadi kifuani, doria zinapungua na macho hayafiki mbali. Mitego ikionekana michache wakati huo, si lazima iwe michache kweli. Linganisheni masika na masika, kiangazi na kiangazi.

Kuhusu kasa, tatizo ni hilohilo na zaidi. Kwanza mwendo: ufukwe wa Madete ukikaguliwa kila asubuhi mwaka huu, na mwaka jana mara mbili kwa wiki, viota vitaonekana kuongezeka hata kama kasa ni walewale. Pili, alama mchangani, ile inayofanana na ya tairi la trekta, si kiota. Kasa hupanda, hufukua, na mara nyingine hurudi baharini bila kutaga. Tatu, jike la kasa wa kijani hutaga mara kadhaa katika msimu mmoja, halafu hupumzika, kwa kawaida miaka miwili au zaidi, kabla ya kurudi. Kwa sababu hiyo viota hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka bila mtu kukosea. Mwaka mmoja mbaya si sababu ya kumlaumu yeyote. Kinachoonyesha usimamizi haraka zaidi ni viota vilivyofukuliwa na watu au wanyama kati ya vyote vilivyokutwa, na vifaranga waliofika majini.

Kwenye kikao kijacho omba jedwali lenye safu nne: kilomita, aina ya doria, mitego mipya, mitego ya zamani. Omba na la kipindi kama hicho mwaka jana, uliweke ubavuni. Na kabla ya kufunga kikao, muandike kwenye muhtasari kiwango cha mitego mipya kwa kilomita ambacho kikifikiwa doria zitahamishwa, na eneo zitakakohamia.